Benzi Lisilouzwa kwa Bei Yoyote

Baada ya maonyesho ya magari ya Frankfurt ya Septemba 1969, makao makuu ya Daimler-Benz, kampuni ya magari ya Mercedes, mjini Stuttgart yalianza kupokea barua ambazo muuzaji yeyote wa magari angezipokea kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na hundi zilizokwisha kutiwa saini, nafasi ya kiasi cha fedha ikiwa imeachwa wazi. Ujumbe ulikuwa mfupi: jazeni wenyewe bei mnayoitaka, sisi tupeni gari. Gari lililowatia watu wazimu namna hiyo liliitwa C111. Lilikuwa pana, fupi kwa kimo, la rangi ya chungwa inayometameta. Milango yake ilifunguka kwenda juu, na injini ilikaa katikati, nyuma ya mgongo wa dereva. Daimler-Benz walizikataa hundi hizo.

Magari ya maonyesho ni mengi, na mengi yake ni mapambo. Yapo yanayoingizwa ukumbini kwa kusukumwa kwa sababu ndani hamna injini. C111 halikuwa la kundi hilo. Tangu Aprili ya mwaka ule wahandisi walikuwa wakiliendesha na kulisukasuka kila siku. Lilitoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5, na mwendo wake wa juu ulivuka kilomita 260 kwa saa. Huo ulikuwa mwaka ambao Lamborghini Miura, gari la kifahari lililokuwa gumzo la matajiri wa Ulaya, lilikuwa na miaka mitatu tu tangu lizaliwe. Mercedes walikuwa wameleta kitu cha kulitazama Miura usoni, kisha wakasema hakiuzwi.

Waliotuma hundi walikuwa na sababu ya kuamini kwamba msimamo huo ungelegea. Mwaka 1954 kampuni hiyo hiyo ilitoa 300 SL, gari la milango inayofunguka kama ile, na likauzwa 1,400 kabla ya kubadilishwa na toleo lisilo na paa. Halafu ikaja Le Mans. Tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya saa 24, gari la Mercedes 300 SLR lililoendeshwa na Mfaransa Pierre Levegh liligonga jingine, likaruka na vipande vyake vikawaangukia watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa, Levegh akiwa mmoja wao. Mwaka ulipoisha Mercedes walijiondoa kwenye mbio za magari, na 300 SL nalo likafikia mwisho wake mwaka 1963 bila kuachiwa mrithi wa hadhi yake. Kwa hiyo lile gari la chungwa lilipofunuliwa Frankfurt, watu hawakuona chombo cha utafiti. Waliona mfalme amerudi.

Nyuma ya kazi yote hiyo alikuwapo Rudolf Uhlenhaut, mkuu wa uundaji wa magari madogo ya Mercedes. Alizaliwa London mwaka 1906, baba Mjerumani na mama Mwingereza, akajiunga na kampuni mwaka 1931. Alikuwa mhandisi wa aina ambayo haipatikani kila siku: aliweza kulichora gari la mashindano, kisha akaingia mwenyewe na kuliendesha kwa mwendo wa kukaribiana na madereva wa kulipwa. Mwaka 1955 aliunda matoleo mawili ya 300 SLR yenye paa, na moja akalitumia kama gari lake la kazini. Hilo nalo halikuingia sokoni, lakini mwezi Mei 2022 moja kati ya yale mawili liliuzwa kwa mnada kwa euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari lililokuwa limewahi kuifikia. Mtu huyu ndiye aliyekuwa bado na miaka michache kabla ya kustaafu mwaka 1972 alipoamua kulijengea gari injini ambayo ulimwengu mzima wa magari ulikuwa ukiiongelea.

Injini yenyewe ilitoka kichwani mwa Felix Wankel, Mjerumani ambaye hakusoma chuo kikuu na ambaye, kwa sababu ya macho yake mabovu, hakuwahi kuwa na leseni ya udereva. Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka. Kila pistoni inapofika juu au chini lazima isimame kidogo, igeuze mwelekeo, na kusimama huko kunaleta mtetemo na kupoteza nguvu. Wankel alitaka kitu kinachozunguka tu, bila kurudi nyuma. Alichokiunda ni chumba chenye umbo linalokaribia namba nane iliyonenepa, na ndani yake rota yenye pembe tatu na mbavu zilizovimba kidogo, mfano wa sambusa iliyojaa nyama. Rota inapozunguka, kila ubavu wake unavuta hewa na petroli, unaibana, unapokea moto wa plagi, kisha unasukuma moshi nje. Hakuna vali. Hakuna kamshafti. Injini inakuwa ndogo, nyepesi, laini, na inapandisha mizunguko bila kulalamika.

Kampuni ya NSU ya mji wa Neckarsulm iliiwasha injini ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1957. Wakubwa wa dunia walipiga foleni kununua leseni. Mazda wa Japani walinunua, na Daimler-Benz nao wakachukua yao mwaka 1961. Katika miaka hiyo wapo wahandisi makini kabisa walioamini kwamba injini ya pistoni ilikuwa inahesabiwa siku.

Tatizo lilikaa kwenye ncha. Kila pembe ya rota ina kipande chembamba cha sili kinachoteleza juu ya ukuta wa chumba, na sili hiyo ndiyo inayozuia gesi ya upande mmoja isivujie upande mwingine. Katika injini ya pistoni, ringi hutembea kwenye ukuta wa mviringo, zikiwa na mafuta mazito ya kuzilainisha na sehemu pana ya kujishikiza. Sili ya Wankel inategemea mstari mmoja mwembamba, inasuguliwa kwa kasi kubwa, na pembe yake dhidi ya ukuta inabadilika kila wakati. Ikilika, au ikianza kurukaruka na kuuchora ukuta, injini inapoteza mgandamizo na gari linakosa nguvu. NSU walilijua hilo kwa uchungu. Gari lao la Ro 80 la mwaka 1967 lilichaguliwa gari bora la mwaka Ulaya, kisha injini zikaanza kufa mikononi mwa wateja, na kampuni ikalazimika kuzibadilisha kwa gharama yake. Husimuliwa kwamba madereva wa Ro 80 walipopishana barabarani walinyoosheana vidole kuonyeshana idadi ya injini walizokwisha kubadilishiwa. Mwaka 1969, NSU, ikiwa hoi kifedha, ilimezwa na Volkswagen.

Mercedes walikuwa na fedha na subira ambavyo NSU hawakuwa navyo. Wankel yao ya Frankfurt ilikuwa na rota tatu, kila chumba kikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 600, na ilitoa nguvu ya farasi 280. Petroli ilinyunyizwa moja kwa moja ndani ya chumba, kwa pampu, bila kabureta. Bodi ilikuwa ya faibaglasi, imeunganishwa kwa gundi na ribiti kwenye sakafu ya chuma. Mchoro ulisimamiwa na Bruno Sacco, Mwitalia ambaye baadaye angeongoza ubunifu wa magari yote ya Mercedes kwa zaidi ya miongo miwili. Mhandisi Hans Liebold alibeba mzigo wa kulifanya likimbie na lisimame.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo halikuonekana ukumbini na ambalo lina uzito kuliko rangi na milango. Wahandisi walipiga hesabu za uimara wa gari kwa kompyuta, wakiligawa umbo katika vipande vidogo na kukokotoa kila kipande kinabeba nguvu kiasi gani. Leo hakuna gari linaloundwa bila njia hiyo. Mwaka 1969 ilikuwa ngeni, na Mercedes wanasema iliwaokolea takriban miezi minne ya kazi.

Hata jina lilikuwa na kisa chake. Mradi ulianza kwa namba C101, lakini Peugeot wa Ufaransa walikuwa na haki ya namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati. Porsche walikumbana na Wafaransa hao hao miaka michache kabla, na ndiyo sababu 901 yao iliuzwa kwa jina la 911. Mercedes hawakutaka ugomvi. 101 ikawa 111.

Miezi sita tu baada ya Frankfurt, Machi 1970, C111 la pili lilisimama kwenye maonyesho ya Geneva. Sasa rota zilikuwa nne, nguvu ya farasi 350, mwendo wa juu kilomita 300 kwa saa, na sifuri hadi 100 kwa sekunde 4.8. Mtu aliyelitazama kwa makini aligundua kwamba mabadiliko hayakuwa ya injini peke yake. Mabega ya gari na paa vilichongwa upya ili dereva aone nje vizuri zaidi. Kulikuwa na redio. Kulikuwa na buti la kuwekea masanduku ya safari. Gari la maabara halihitaji mahali pa kuweka masanduku, na waandishi wa habari wa wakati ule hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1970, C111 lilikuwa limekaribia kabisa mlango wa kiwanda.

Halikuuvuka. Rota nne zina pembe kumi na mbili, na pembe kumi na mbili ni sili kumi na mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa kuiua injini. Mercedes waliboresha vyuma na mafuta ya kulainisha, lakini hawakufika mahali pa kumwahidi mteja kwamba injini ile ingedumu kama injini nyingine zenye nyota ya ncha tatu. Kampuni iliyojijengea sifa kwa magari yanayorithishwa na watoto haikuweza kumpa mtu injini ya kubahatisha, hata kama mtu mwenyewe alikuwa tayari kubahatisha.

Tatizo la pili lilikuwa moshi. Chumba cha Wankel ni kirefu na bapa, moto wa plagi hauwahi kufika pembeni, na petroli isiyoungua inatoka na moshi. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya hewa safi iliyotaka sumu za magari zipungue kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Marekani ndiko walikokuwa wanunuzi wengi wa Benzi za bei kubwa. Sababu hiyo hiyo inayochafua hewa ndiyo inayomaliza tangi: petroli isiyoungua ni petroli iliyolipiwa bure, na C111 lilikuwa linakula mafuta kupita kiasi hata kwa viwango vya magari ya kifahari.

Halafu ukaja Oktoba 1973. Vita vya Mashariki ya Kati vikalipuka, nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zikapunguza uzalishaji na kuwafungia mabomba baadhi ya wanunuzi, bei ikapanda mara kadhaa ndani ya miezi michache. Ujerumani Magharibi, nchi ya barabara zisizo na kikomo cha mwendo, iliweka kikomo cha kilomita 100 kwa saa na kutangaza Jumapili nne mfululizo, kuanzia Novemba 25, ambazo magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea. Watu walitembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya barabara kuu. Afrika Mashariki haikusalimika. Tanzania nayo ilipita katika kipindi cha kuzuia magari binafsi barabarani Jumapili alasiri ili kubana matumizi ya mafuta. Katika hali hiyo, kulizindua gari la injini inayobwia petroli kungekuwa ni kuwadharau wananchi. Miaka ya sabini ilipokuwa ikiendelea, Mercedes waliachana na Wankel moja kwa moja.

Hapa simulizi nyingi za C111 huishia, na hapo ndipo zinapokosea. Lipo jambo ambalo mashabiki wa gari hili huliruka haraka: mwaka 1970 wahandisi walikuwa wamefunga injini ya kawaida ya V8 ya lita 3.5 katika mojawapo ya C111 za aina ya pili, ili kuilinganisha na Wankel. Injini hiyo ilikuwa tayari inauzwa katika magari mengine ya kampuni, inajulikana, inaaminika, na mafundi wa dunia nzima walikuwa wanaizoea. Ilitoa farasi 200 tu, lakini ingeweza kuongezwa. Kwa hiyo si kweli kwamba C111 lilishindikana kwa sababu ya Wankel peke yake. Njia ya pili ilikuwapo. Kampuni ilichagua kutoipita, na mtu anayelipenda gari hili ana haki ya kuumia kwa uamuzi huo. Kuunda kwa wingi bodi ya faibaglasi ya milango ya aina ile, na kuifikisha kwenye viwango vya usalama ambavyo Mercedes walikuwa wakijinadi navyo, kungekula fedha nyingi kwa ajili ya wateja wachache. Hesabu za biashara ziliwapa haki. Moyo haukulazimika kukubali.

Lakini gari lilikuwepo, bodi yake ilikata upepo vizuri, na mtu fulani ndani ya Stuttgart akapata wazo ambalo mwaka 1969 lingeonekana ni tusi. Wakatia dizeli.

Dizeli ya miaka hiyo ilikuwa injini ya malori, matrekta na teksi. Iliwaka kwa kusubiriwa, ililia kokoro kokoro, na haikuwa na haraka. Mercedes walikuwa wameitoa dizeli ya silinda tano mwaka 1974, lita 3, nguvu ya farasi 80. Inadumu, haina makuu, na hakuna aliyewahi kuipenda kwa mwendo wake. Wahandisi waliichukua hiyo hiyo na kuifunga turbo, kifaa kinachotumia moshi unaotoka kwenye ekzosi kuzungusha feni inayoisukumia injini hewa ya ziada. Pamoja na mabadiliko mengine, zile farasi 80 zikawa 190.

Juni 1976 gari hilo lilipelekwa Nardò, kusini kabisa mwa Italia, kwenye kisigino cha ile nchi. Huko kuna barabara ya majaribio ya mviringo kamili, mzunguko wake ukiwa kilomita 12 na ushei, ambayo wakati ule ilikuwa mpya. Imeinamishwa kuelekea ndani kiasi kwamba dereva akiwa kwenye njia ya nje kabisa kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa hahitaji hata kukata usukani; gari linajiona liko kwenye barabara iliyonyooka. Ni mahali pa ajabu. Huoni mwanzo wala mwisho, hakuna kona ya kukuzindua, na usiku taa za gari zinamulika lami ile ile inayorudi bila kukoma. Madereva wanne walipokezana kwa zaidi ya saa 60, mchana na usiku. Wastani wao ulikuwa karibu kilomita 252 kwa saa, na humo ndani mna muda wa kusimama kujaza mafuta na kubadilishana viti. Waliondoka na rekodi 16 za dunia. 13 zilikuwa za magari ya dizeli, na 3 zilikuwa za magari yote, ya petroli yakiwemo.

Ushindi huo uliwapa hamu. Walirudi Nardò mwisho wa Aprili 1978 na gari ambalo lilikuwa C111 kwa jina zaidi kuliko kwa sura. Rangi ya chungwa ilikuwa imeondoka. Hili lilikuwa la fedha, refu, jembamba, lenye mkia ulionyooshwa na mapezi ya kulituliza kwenye upepo. Ukinzani wake wa hewa ulipimwa 0.183, wakati magari mengi ya familia ya leo, yenye msaada wote wa kompyuta, yanaelea kati ya 0.25 na 0.30. Dizeli ile ile ya silinda tano sasa ilitoa farasi 230. Kwenye usukani walipeana zamu Liebold, Guido Moch, Rico Steinemann na Paul Frère, mwandishi wa magari kutoka Ubelgiji aliyewahi kushinda Le Mans mwaka 1960. Kwa saa 12 walikimbia kwa wastani wa kilomita 314 kwa saa na kidogo. Rekodi tisa za dunia zilianguka, zote za magari yote bila kujali aina ya injini.

Takwimu inayostahili kukaririwa kutoka siku ile ni nyingine: lilikula lita 16 kwa kila kilomita 100. Kwa mwendo zaidi ya mara tatu ya ule wa basi la Dar es Salaam kwenda Arusha, gari hilo lilitumia mafuta ambayo magari makubwa ya petroli ya miaka ile yaliyatumia yakiwa yanatembea mjini.

Toleo la mwisho lilikuja mwaka uliofuata, na hili halikuwa na subira ya dizeli. C111 la nne lilipewa injini ya petroli ya V8 ya lita 4.8 yenye turbo mbili na nguvu ya farasi 500. Rekodi waliyoitaka ilikuwa ya mzunguko mmoja kwenye uwanja wa kufungwa, iliyokuwa ikishikiliwa tangu 1975 na Mmarekani Mark Donohue, ambaye aliendesha Porsche 917/30 huko Talladega kwa kilomita 355 na ushei kwa saa. Tarehe 5 Mei 1979 Hans Liebold, yule mhandisi aliyelilea gari tangu siku zake za kwanza, alijifunga mkanda na kuzunguka Nardò kwa wastani wa kilomita 403.978 kwa saa. Kwa mwendo huo barabara haikubebi tena. Ile kona isiyoonekana inaanza kuvuta, na dereva anapaswa kulishikilia gari kwa nguvu muda wote, chini ya dakika mbili zisizo na nafasi ya kupepesa.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, wakati wa Pasaka, jamaa wa karibu wa injini ile alikuwa akila vumbi Kenya. Mercedes walileta magari ya 450 SLC 5.0 kwenye Safari Rally ya 1979, na V8 zao zilikuwa za ukoo mmoja na ile iliyochongwa kwa ajili ya C111. Shekhar Mehta wa Kenya aliwashinda kwa Datsun 160J, na Hannu Mikkola wa Finland akamaliza wa pili na Mercedes yake. Mwisho wa mwaka huo magari hayo yalichukua nafasi nne za kwanza katika Bandama Rally ya Ivory Coast, la nne likiendeshwa na Mkenya Vic Preston Jr. Kampuni iliyoyakimbia mashindano baada ya Le Mans ya 1955 ilikuwa imeanza kurejea taratibu, kwa kupitia Afrika na kwa kupitia mviringo wa Nardò.

Kilichofuata kwa Wankel ni cha kusikitisha na cha kufurahisha kwa pamoja. Mazda hawakukata tamaa. Mwaka 1991 gari lao la 787B, lenye injini ya rota nne kama lile C111 la Geneva, lilishinda Le Mans. Aliyekuwa akisema kwamba rota nne haziwezi kudumu saa 24 chini ya mguu mzito alijibiwa siku ile. Lakini injini ya mashindano hufunguliwa na kukarabatiwa baada ya kila pambano, na Mercedes walikuwa wakitafuta ya kumpa daktari wa Hamburg aitumie miaka kumi. Haki ilikuwa pande zote mbili.

Mwaka huo huo, Septemba, Mercedes walirudi Frankfurt na gari jingine la milango inayofunguka juu, C112, lenye V12 katikati. Watu wapatao 700 waliweka oda. Likafutwa nalo. Juni 2023 walionyesha Vision One-Eleven, gari la umeme la rangi ya chungwa linalochukua jina na umbo la babu yake, na hilo pia ni la kutazamwa.

Urithi wa kweli wa C111 uko mahali pengine kabisa, na mwenye macho anaweza kuugusa. Mwaka 1978 Mercedes walianza kuuza Marekani 300 SD, gari la kwanza dogo la dizeli yenye turbo kutengenezwa kwa wingi duniani. Injini yake ilikuwa ile silinda tano ya lita 3 iliyopitishwa kwenye moto wa Nardò. Bila turbo, injini hiyo ilifungwa katika 300 D za umbo la W123, Benzi ambalo kati ya 1976 na 1986 liliundwa karibu milioni 2.7 na ambalo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zinalijua vizuri kama gari la mzee wa ofisini, la teksi, na la fundi aliyelikuta limetelekezwa na kulifufua. Dizeli yenye turbo iliyoenea baadaye katika pikapu, mabasi madogo na magari ya familia ilipata heshima yake ya kwanza ya mwendo kutoka kwenye gari ambalo watu walilitaka kwa sababu nyingine kabisa.

Baadhi ya magari ya C111 huonyeshwa katika makumbusho ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart. Watu wengi hupiga picha na lile la chungwa, na ni sawa, kwa sababu ni zuri kweli. Ukipata bahati ya kufika huko, usiondoke kabla ya kulitafuta lile la fedha la mwaka 1978. Limebeba injini ya teksi, na ndilo lililoshinda.